Mama Rolande Avuka Mfereji

Tangu adhuhuri Rolande hakukalika. Aliosha sufuria iliyokwisha oshwa, akakunja kitenge, akakikunjua, akaenda dirishani, akarudi. Kuku anayetafuta pa kutagia ana utulivu kumzidi. Mwezi wa Desemba mjini Brussels jua halitui, linatoroka. Ukiinama kuonja mchuzi, ukiinuka limeshakwenda zake. Na jua likienda, macho ya Rolande nayo huenda.

Si upofu, au tuseme si upofu mzima. Mchana alisoma misale yake, alivuka barabara, alichambua mboga ya sombe jani kwa jani na kumgombeza muuzaji kwa kila jani la njano. Lakini giza likiingia, taa za mji aliziona kama matone ya mafuta juu ya maji, na ardhi iliyo chini ya taa hizo hakuiona kabisa. Ngazi, baiskeli zilizolazwa njiani, mbwa na kamba yake, vyote vilimezwa. Daktari aliutaja ugonjwa huo kwa jina refu la Kifaransa, akasema hauna dawa na kwamba unakaa katika damu ya ukoo. Rolande aliona jina refu namna ile si la kuwapelekea watu wa kanisani. Wangeanza kuulizana ni nani huko kwao Bukavu asiyempenda. Akanyamaza, kana kwamba hajapata kusikia kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Waliojua ni wawili tu. Wa kwanza ni Nadia, mwalimu wa kuwafundisha wasioona kutembea, mwanamke mwenye sauti kali na subira ndefu. Wa pili ni Tatiana, binti yake wa pekee, muuguzi huko Namur. Tatiana alikuwa amekata shauri: mama ahame mtaa wake wa Saint-Josse, akaishi naye Namur. Chumba kilikuwa tayari.

“Maman, siku moja utaanguka mu canal,” Tatiana alimwambia. “Alors batu batasema nini? Tatiana aliacha mama yake anatembea mu giza na fimbo?”

“Batu baseme. Kinywa ni yabo.”

“Miye sichekake, maman.”

“Na miye sichekake. Namur niko na nani? Nitaketi mu chumba, unifungie mulango kama mbuzi, uende kazi?”

Ndilo lililomkera. Katika nyumba yake ndogo ya orofa ya pili Rolande alikuwa mtu. Wauza vitambaa wa rue de Brabant walimjua kwa jina. Kwenye kwaya ya Molenbeek, bila sauti yake ya pili, wimbo ulipwaya kama nguo ya kuazima. Namur angekuwa mzigo wa kuwekwa kwenye kona na kupewa chai.

Basi wakabishana hadi wakafikia makubaliano. Jioni ya mazoezi ya mwisho kabla ya Noeli, Rolande angetoka nyumbani peke yake, kwa miguu, gizani, avuke mfereji mpaka kanisani Molenbeek. Akifika, habari ya Namur isitajwe tena. Asipofika, au akifikishwa na mtu kwa mkono, afunge mizigo mwaka ukianza. Tatiana angetangulia kwa tramu na kumngojea mlangoni. Marufuku kumfuata.

“Unipe neno yako.”

“Bon, nimekupatia,” alisema Tatiana, akainuka, na kiwiko chake kikaangusha kikombe. Siku hizi alikuwa anagongagonga vitu. Mama yake alidhani ni mawazo ya kazi.

Saa ilipofika, Tatiana akavaa koti, akambusu mama yake, akashuka. Rolande alihesabu pumzi kidogo, akapiga moyo konde, akashuka nyuma yake. Mkono wa kuume alishika fimbo nyeupe, ya kumwambia kilicho mbele ya miguu. Mkono wa kushoto alishika dira, ya kumwambia anakoelekea. Ilienea kwenye kiganja, na haikuwa na kioo. Chini ya kifuniko chake kulikuwa na sahani yenye mshale ulioinuka na vitone vya kugusa. Unaishika sawasawa, unaiacha itulie, unafungua kifuniko, na sahani inajifunga palepale ilipo, nawe unaiuliza kwa kidole. Simu nayo alikuwa nayo, yenye kusema njia kwa sauti, lakini katikati ya minara simu hubabaika, na mtu akisimama haijui ameelekeza uso wapi. Dira inajua. Mshale ukikaa kuume, uso unatazama magharibi, na magharibi ndiko uliko mfereji.

Aliteremka mtaa kwa mtaa, fimbo ikigonga, roho ikimwenda mbio. Alikuwa na haraka isiyo na sababu, kwa kuwa mazoezi yalikuwa bado. Rue de Brabant aliipita kwa pua tu: nyama ya kuchoma, viatu vipya vya plastiki, mnanaa. Ndani ya stesheni ya Gare du Nord aliitia dira mfukoni, maana vyuma vya reli na nguzo huitia wazimu, akafuata mistari iliyoinuka sakafuni kama alivyofundishwa. Hapo ndipo aliposikia viatu nyuma yake. Visigino vya mwanamke, ko, ko, ko. Akisimama, vinasimama. Akienda, vinaenda.

“Mwongo weye,” alinong’ona Rolande, na hasira ikampanda hadi masikioni. Mtoto amekula neno lake kabla neno halijapoa! Lakini hakugeuka. Aliamua kumwonyesha.

Alitokea upande wa pili, kwenye minara ya ofisi. Upepo wa pale hauna adabu. Unatoka kushoto, unatoka kulia, unakuinua sketi mbele za watu. Rolande akafungua dira, akapata magharibi, akatia hatua. Hakwenda mbali.

“Mais! Maman Rolande! Ni weye?”

Ilikuwa sauti ya papa Donat, mtu wa Likasi, mwimba besi aliyeacha kwaya kwa sababu ya magoti lakini hakuacha kusema. Rolande alikunja fimbo upesi na kuisukumia ndani ya mkoba, akatia dira mfukoni, akatengeneza uso. Asiyejua angedhani ameficha nyama ya wizi.

“Papa Donat! Habari ya siku mingi?”

“Muzuri, maman, muzuri tu. Na Tatiana? Na famille ya Bukavu? Na ile tension yako?”

Mtu wa kwetu hasalimii akipita. Alimshika mkono kwa mikono miwili, wakagusana vipaji vya nyuso huku na huku na huku tena, kisha kwa heshima yake yote papa Donat akamzungusha mama wa watu ili upepo umpige mgongoni badala ya usoni. Wakaulizana habari za wagonjwa, za waliozaa, za waliokufa. Papa Donat alikuwa anakwenda stesheni kupokea furushi kutoka kwa msafiri wa Lubumbashi, lakini hakuwa na haraka nalo.

“Ngoja, maman, niko na kitu yako.” Akapekua mkoba, akamvika kitu cha baridi kwenye mkono wa kushoto, kikajifunga chenyewe. “Bracelet. Miye navala, magoti inapoa. Ya weye ni juu ya tension. Ikae kushoto, pembeni ya moyo. Usitoshe mu mukono!”

Zawadi haikataliwi, na zawadi ya kuvaliwa huvaliwa mbele ya aliyeitoa. Rolande akashukuru kwa mikono miwili.

“Nikusindikize?”

“Hapana, papa, nangojea Tatiana, ananifuata.” Akilini aliongeza: na ni kweli, mjinga yule yuko nyuma ya nguzo.

Papa Donat akaenda zake. Na Rolande akabaki amesimama, hajui tena amegeuziwa wapi. Salamu zile zilimzungusha kama kinu cha upepo. Akakunjua fimbo, akatoa dira, akangoja, akafungua. Mshale ulimwelekea kifuani. Kaskazini iko nyuma yangu, alijisemea, basi nageuka kuume, hapo nitatazama magharibi. Akageuka kuume, akaenda kwa mwendo wa mtu anayetaka kushinda.

Barabara ilikuwa pana na ya kupendeza kwa fimbo, haina mashimo. Alisubiri mlio wa maji na ule uwazi wa mfereji, pale kuta zinapokwisha na mtu akahisi shavuni kwamba mbele hakuna kitu. Haukuja. Badala yake ilikuja harufu ya vibanzi na mngurumo wa magari mengi, honi, kengele ya tramu. Akapunguza mwendo. Mfereji hauna tramu. Jasho likamtoka chini ya koti. Alifungua dira tena, na mshale ulimwelekea kifuani vilevile, kana kwamba hakugeuka wala hakutembea.

Nyuma yake viatu vilisimama.

Ndipo uvumilivu ulipomwisha. Akageuka akapaza sauti katikati ya Brussels: “Tatiana! Toka pale! Najua ni weye! Ulikula neno yako, na sasa unafurahi kuona nimepotea!”

“Pardon, madame?” ilijibu sauti ya mwanamume, nene, yenye mafua. “Vous êtes perdue?” aliuliza kama amepotea, na mkono ukamgusa kiwiko.

“Non, non, merci, monsieur,” alisema Rolande, akaunyofoa mkono wake kama aliyeguswa na moto. Angekubali mkono ule, Namur ingekuwa imemla. Yule bwana akasimama kidogo, akapenga kamasi, akaenda.

Kwa hiyo Tatiana hakuwapo. Bila shaka alitimiza ahadi, alikuwa mlangoni pa kanisa, akitazama njia. Rolande aliona aibu, na kando ya aibu akaona kitu kingine ambacho hakukitarajia, woga. Muda wote ule alipojidai anatembea peke yake, alikuwa anatembea akiegemea visigino vile. Sasa hapakuwa na mtu. Nikianguka hapa, aliwaza, nimeanguka kweli.

Alisogea ukutani, akabana mgongo, akamkumbuka Nadia. Mshale ukiutilia shaka, Nadia alisema, usimwulize mtu, zunguka. Mshale wa kweli haubanduki unapozunguka wewe, unaendelea kuongea na dunia. Rolande akazunguka taratibu, akifungua na kufunga kifuniko kila robo ya duara. Mshale ulizunguka naye. Uliufuata mkono wake kama mtoto aliyeshika pindo la kitenge cha mama sokoni. Haukuwa unaongea na dunia hata kidogo. Ulikuwa unaongea na kitu kilicho karibu zaidi.

Akapapasa mkono. Bangili.

“Papa Donat wee!” alisema, akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliye karibu kulia. Ilikuwa ya sumaku, hizi wanazouziana watu wazima baada ya misa kwa ajili ya presha na magoti. Akaivua. Kuitupa hakuweza, zawadi haitupwi. Kuiweka kwenye mkoba hakuthubutu, mkoba ulining’inia karibu na dira. Mwishowe akainama, mwanamke mzima wa miaka yake, akavuta soksi, akaifunga kwenye kifundo cha mguu. Tension ipoe kutokea chini.

Dira ilipofunguliwa tena ilisema jambo la kiungwana: alikuwa amekwenda kusini. Hakulaumu mtu. Aliuweka mshale mbele, akarudi alikotoka, huku akiusikiliza ukuta wa kushoto, mpaka ukuta ukakatika na upepo mrefu ukaingia kwa nafasi ile. Barabara ya magharibi. Mshale kuume. Safari hii aliuliza kila alipotilia shaka na hata asipotilia shaka. Alisimama, akafungua, akagusa, akaenda, na roho yake bado ilikuwa juu, lakini miguu ilikuwa imetulia.

Kisha kuta zikaisha. Hewa ikawa pana, yenye baridi ya maji. Kwenye ukingo kabla ya daraja mtu alikohoa, akanyamaza. Rolande hakujali, vijana husimama pale kuvuta sigara. Fimbo ikapata reli ya daraja, daraja likatetemeka chini ya miguu, na katikati yake Rolande akajikuta anaimba kwa sauti ndogo, sauti ya pili, bila ya kwanza.

Kanisani walikuwa wanapanga viti. Alikunja fimbo, akaitia mkobani, akausukuma mlango akaingia kwenye joto na harufu ya mishumaa, na ndani ya mwanga mkali sura za watu zikamrudia moja moja.

“Maman Rolande! Tulisema hauyi,” alisema Sephora, kiongozi wa kwaya, msichana mwenye mikono isiyotulia.

“Nimekuya. Peke yangu. Tatiana iko wapi?”

“Tatiana? Hatujamwona.”

Rolande akacheka. Akatazama nyuma ya mlango, kana kwamba binti wa miaka thelathini angejificha huko. Simu ikalia mfukoni.

“Maman.” Sauti ya Tatiana ilikuwa ndogo. “Ulifika?”

“Nimefika! Niko mu kanisa, niko na Sephora, umuulize! Kwisha habari ya Namur! Na weye? Uko wapi?”

Upepo ulisikika ukipiga simu.

“Sijue, maman.”

“Hujue namna gani?”

“Sijue niko wapi. Kuko maji. Naona taa ya juu na taa ya mu maji, sijue gani ni ya kweli. Nikiweka muguu, naogopa.” Akavuta pumzi. “Sioni, maman. Usiku sioni tena.”

Kiti kilikuwa karibu lakini Rolande hakukaa. Kikombe kilichoanguka, chumba kilichopangwa haraka huko Namur, ziara za Tatiana ambazo siku hizi zilikwisha daima kabla ya jioni, vyote vilimjia kwa pamoja, na alijichukia kwa kutoviona mapema, yeye ambaye mchana macho yake ni mazima. Katika damu ya ukoo, daktari alisema. Damu ipi nyingine kama si yake?

“Usitembee,” alisema. “Hata kidogo. Shika kitu ya chuma, ukamate nguvu. Nakuya.”

“Maman, usiambie batu.”

“Nakuya.”

Sephora aliuliza kuna nini, akasema wataita taksi, wataenda wote. Rolande alitikisa kichwa. Akatoa fimbo nyeupe kwenye mkoba, akaikunjua mbele ya kwaya nzima, kipande kwa kipande, ta, ta, ta. Aliwaacha na macho yao wazi, wakamilishe wenyewe hadithi. Kinywa ni chao.

Mshale kushoto sasa, uso mashariki. Alikwenda mbio kuliko inavyofaa, akagonga nguzo kwa bega, akatukana kwa Kimashi, lugha ya kwao, akaenda. Alivuka daraja bila wimbo. Upande wa pili alisimama, akaita.

“Tati!”

“Hapa.”

Palepale. Hatua chache tu kutoka kwenye reli ya daraja, pale alipokohoa mtu. Rolande alinyoosha mkono, akapata koti, akapata bega, akapata uso uliolowa. Chini vidole vyake vikapata goti la soksi lililochanika na damu iliyoganda juu yake.

“Ulinifuata.”

“Nilikufuata. Toka kwa nyumba, nasikiliza fimbo. Ulipoonana na papa Donat nikajificha, halafu sikukuona tena. Nikasema umeshapita, nikakimbia ku canal. Nikaanguka.”

“Kumbe viatu kwa gare vilikuwa vyako.”

“Vyangu.”

“Na nilipopita hapa? Ulinisikia?”

“Nilisikia fimbo. Nilijua ni weye. Nilitaka kuita.”

“Juu ya nini hukuita?”

“Ungesema nimevunja neno. Ungesema umeshindwa sababu yangu.” Akajifuta uso. “Na ulikuwa unaenda muzuri sana, maman. Sikutaka usimame.”

Rolande alimkumbatia pale kando ya maji kwa nguvu kiasi kwamba fimbo ilianguka, na wakalazimika kuitafuta wote wawili kwa kupapasa, mama na binti, magoti chini, kama watu wanaookota maharage. Walipoipata, Tatiana alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

“Tangu lini?” Rolande aliuliza.

“Mwaka jana. Gari niliuzisha. Ku kazi niliomba mchana tu, sikusema sababu.”

“Na ile chumba? Ni juu yangu ao ni juu yako?”

“Yangu,” alisema Tatiana. “Usiku naogopa kukaa peke yangu. Sikujua namna ya kukuambia.”

Wakaanza kutembea. Rolande alitangulia, Tatiana mkono begani mwake. Kwenye daraja alimfundisha kusikiliza reli kwa fimbo, akamwambia ukweli kwamba atajifunza, na kwamba kabla ya kujifunza atalia sana, yeye mwenyewe alilia mwezi mzima juu ya sufuria. Tatiana aliuliza kama inaumiza kuambia watu. Rolande alisema bado hajui, ameanza leo.

Walipoteremka upande wa Molenbeek, Tatiana alisimama.

“Ulishinda, maman. Neno ni neno. Namur sitaitaja tena.”

Kwa muda wa majuma Rolande alikuwa amelitayarisha jibu la saa hii. Alilizoeza jikoni, alilizoeza kitandani, jibu fupi lenye kiburi chake chote. Alifungua kinywa kulitoa. Akafikiria ngazi zake za Saint-Josse, wauza vitambaa, sauti ya pili, na akaumia waziwazi, kama mtu anayeng’olewa jino.

“Itaje,” alisema. “Nitakuya.”